Tiketi inasema Buffalo, lakini ni Buffalo ipi?

SWALI

Kwako Mshauri, salaam. Naomba unisaidie kupanga safari ya treni, maana kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

Ninaishi Newark, New Jersey. Mama yangu ana miaka 67, amekuja kututembelea kutoka Tanga, na atapanda ndege kurudi nyumbani katikati ya Januari. Mdogo wangu wa kiume anaishi Buffalo, ule upande wa magharibi wa mji wenye wahamiaji wengi, na mama hajamtia machoni miaka mingi. Tunataka twende watatu: mimi, mama, na mwanangu Twaha wa miaka 7. Tutalala siku nne au tano. Kuendesha gari peke yangu mwendo wote ule wakati wa theluji siwezi, na ndege Bi mkubwa kasema ameshapanda za kumtosha.

Nimeona treni ya nauli nafuu inayoondoka New York alasiri na kufika Buffalo karibu saa sita usiku. Nilibakiza kubonyeza tu nilipie. Tatizo, mdogo wangu hana gari na anafanya kazi zamu ya usiku. Ipo nyingine ya asubuhi, lakini dada mmoja amenionya kuwa hiyo inakwenda Toronto, kwa hiyo mama atatakiwa awe na viza ya Kanada. Ni kweli?

Halafu mizigo. Tuna mabegi matatu makubwa, na moja limejaa vitu vya mdogo wangu tu: dagaa, unga wa muhogo, viungo, vitenge. Mama goti linamsumbua, ngazi kwake ni mtihani. Tulifikiria kuondoka Jumatano, siku moja kabla ya Sikukuu ya Shukrani, maana nitakuwa na likizo. Mama pia anataka aone Maporomoko ya Niagara na apande ile boti.

La mwisho, labda la kipuuzi: SGR ya Dar kwenda Dodoma tiketi inaonyesha behewa na namba ya kiti. Huku napitia ukurasa wa kulipia, namba ya kiti siioni. Kuna mahali nimekosea?

Mama Twaha, Newark

JIBU

Mama Twaha, wa alaykum salaam, na mpe Bi mkubwa shikamoo yetu. Hiyo treni ya usiku usiilipie. Bei yake si mbaya, ila itawateremsha mahali ambapo mdogo wako hawezi kuwafikia.

Buffalo ina stesheni mbili za Amtrak, shirika la treni za abiria la Marekani. Moja inaitwa Buffalo-Exchange Street, ipo katikati ya mji, jengo lake ni jipya, lilifunguliwa mwaka 2020. Kifupi chake kwenye tiketi ni BFX. Nyingine inaitwa Buffalo-Depew, ipo nje ya mji upande wa mashariki, zaidi ya kilomita 10 kutoka katikati, na kifupi chake ni BUF. Hapo ndipo watu wanapoingia mkenge: herufi BUF zinakaa kichwani kama ndiyo stesheni kuu, kumbe ndiyo ya pembeni. Treni uliyoiona, ya kuondoka New York saa tisa na dakika 40 hivi alasiri, ni Lake Shore Limited, namba 49, inayokwenda Chicago. Hiyo inasimama Depew peke yake. Haiingii mjini kwa sababu Exchange Street ipo kwenye tawi la reli linalochepuka kuelekea Niagara, na treni ya Chicago inanyoosha na njia kuu. Sasa pigeni picha: saa sita usiku, Novemba, mama mwenye goti, mtoto aliyelala, mabegi matatu, na mwenyeji yuko kazini. Teksi ya kutoka pale hadi upande wa magharibi inakata mji mzima. Akiba yote ya nauli inaishia hapo, tena kwa baridi.

Zinazofaa ni zile zinazokwenda Niagara Falls, kwa kuwa zote husimama Depew kwanza na kisha Exchange Street. Kwa kawaida kuna tatu kwa siku kutoka New York. Ya kwanza huondoka saa moja na robo hivi asubuhi, ya pili baada ya saa nne asubuhi, ya tatu baada ya saa saba mchana. Safari ni saa nane na kitu. Ratiba husogezwa mara kwa mara kwa ajili ya ukarabati wa njia, kwa hiyo ithibitishe kwa tarehe yako hasa, na umtumie mdogo wako kwa saa za Kiswahili na za tiketi pia. Tiketi itaandika 7:15 na herufi ya asubuhi au ya jioni pembeni yake. Wapo waliokosa treni kwa kuisoma 7:15 kuwa ni saa saba na robo.

Mimi ningewapandisha ya asubuhi. Siku za mwisho wa Novemba jua huzama kabla hata ya saa kumi na moja jioni, na ya asubuhi ndiyo pekee inayofika Buffalo kungali na mwanga, karibu saa tisa na nusu. Mdogo wako atakuwa ameshaamka na hajaenda zamu, atawapokea. Ya saa nne itawafikisha giza limeingia, lakini bado ni saa za watu, nayo haina neno. Ya mchana itawafikisha usiku, na hapo tumerudi kulekule.

Sasa hilo la Toronto. Dada yenu kasema nusu ya ukweli. Treni ya asubuhi ni Maple Leaf, namba 63, na mwisho wake kweli ni Toronto. Lakini ukaguzi wa kuingia Kanada hufanyika baada ya kuvuka daraja la mpakani, na Buffalo ipo kabla yake. Mwenye tiketi ya New York hadi Exchange Street anateremka Marekani akiwa hajaulizwa viza ya mtu. Hatari iko kwenye kuchagua kituo wakati wa kulipia. Kuna Niagara Falls mbili kwenye orodha: ya New York ni NFL, ya Ontario, Kanada, ni NFS. Ukitaka kuteremka Niagara moja kwa moja, hakikisha ni NFL. Wewe andika BFX, basi.

Hata hivyo pasipoti zitoke nyumbani na ninyi. Buffalo ni mji wa mpakani, na maofisa wa mpaka wa Marekani wana mamlaka ya kuuliza karatasi ndani ya treni na mabasi hadi umbali wa kilomita 160 hivi kutoka mpakani. Sheria inamtaka mgeni wa miaka 18 na kuendelea atembee na uthibitisho wa usajili wake. Kwa Bi mkubwa, hiyo ni pasipoti yenye viza pamoja na karatasi ya I-94, rekodi ya kuingia nchini, ambayo inatolewa bure kwenye tovuti ya idara ya forodha na mpaka kwa kujaza jina, tarehe ya kuzaliwa na namba ya pasipoti. Ichape leo, iweke katikati ya pasipoti. Tena itazame vizuri: tarehe ya mwisho wa kukaa ni ile iliyo kwenye I-94, si ile iliyo kwenye viza. Wewe beba kitambulisho chako cha ukaazi halisi, picha ya kwenye simu haitoshi. Na konda naye ana haki ya kuomba kitambulisho chenye picha kwa kila aliyetimiza miaka 18, hivyo majina kwenye tiketi yafanane na pasipoti, herufi kwa herufi. Mama akiwa na majina matatu kwenye pasipoti, usimwandike lile la nyumbani.

Kuhusu Jumatano ile, la. Sikukuu ya Shukrani ni Alhamisi ya nne ya Novemba, na siku inayoitangulia nusu ya Marekani iko njiani. Nauli za Amtrak hupanda kadiri viti vinavyouzwa, kwa hiyo siku hiyo mnalipa zaidi kukaa kwenye behewa lililofurika. Kama likizo yako haisogei, ondokeni Jumatatu au Jumanne ya wiki hiyo, na kurudi iwe Jumatatu au baadaye, si Jumapili. Mkiweza kusogeza safari yote iwe mwishoni mwa Oktoba mtapata faida tatu kwa mpigo: nauli ya chini, majani ya rangi kando ya mto Hudson, na boti ya Bi mkubwa. Boti hiyo, Maid of the Mist, huanza kazi majira ya kuchipua na kufunga mapema Novemba. Mkienda wakati wa Shukrani, boti haipo. Mwambieni mapema, asije akafika pale akiwa ameshajifunga kilemba cha boti.

Oktoba pia inawaepusha na jambo ambalo Buffalo inajulikana kwalo. Ziwa Erie linakuwa bado na joto la kiangazi wakati upepo wa baridi unaanza kuvuma kutoka magharibi. Upepo ule ukipita juu ya maji unabeba unyevu, ukifika nchi kavu unaumwaga kama theluji, tena kwa mkanda mwembamba. Mtaa mmoja unazikwa, wa pili unapata vumbi tu. Novemba 2022, Orchard Park, kusini ya mji, ilipata theluji ya takriban mita mbili kwa siku chache. Mwezi uliofuata, wakati wa Krismasi, ilikuja tufani ya theluji iliyoua zaidi ya watu 40 eneo lile na kufunga uwanja wa ndege siku kadhaa. Ziwa likishaganda, mara nyingi baada ya Januari kuingia, nguvu hiyo hupungua. Kwa hiyo Novemba na Desemba ndiyo miezi ya wasiwasi, kinyume na watu wengi wanavyodhani.

Mkienda Novemba, anzeni kufuatilia utabiri siku tano kabla, na msiangalie neno "Buffalo" tu, angalieni kama mkanda wa theluji umepangwa kaskazini au kusini ya mji. Jiji likipiga marufuku magari barabarani, treni inaweza kufika na nyinyi mkakwama stesheni. Hapo ahirisha kabla treni haijaondoka. Soma masharti ya kurudishiwa fedha kabla ya kulipa, maana tiketi ya bei ya chini na ile ya bei ya juu zinatofautiana hapo hasa. Kwa safari ya Novemba, ile inayorudisha fedha ina thamani ya nyongeza yake. Na lipo kosa moja linalowaumiza watu kimya kimya: usipopanda treni uliyolipia bila kutoa taarifa, mfumo hufuta safari yote iliyo kwenye tiketi hiyo, hadi ya kurudi. Hata ukiamua kupandia Yonkers badala ya New York, badilisha kwanza kwenye programu au piga simu.

Upande wa nauli, chagua aina ya abiria mwanzoni, kabla ya kutafuta tarehe. Mtu wa miaka 65 na zaidi anapunguziwa asilimia 10. Mtoto wa miaka 2 hadi 12 anayesafiri na mtu mzima analipa nusu. Tuseme nauli ya siku hiyo ni dola 80: wewe 80, mama 72, Twaha 40, jumla 192. Ukiwaandika wote watu wazima utalipa 240, na konda hatakurudishia tofauti ndani ya treni. Asubuhi ya kuondoka muwe na tiketi kwenye simu na nakala moja ya karatasi. Konda anapiga ile alama ya mraba tu.

Namba ya kiti hujakosea, haipo. Treni hizi zinauza idadi ya viti sawasawa na watu, kwa hiyo hamtasimama, ila daraja la kawaida halipangi nani akae wapi. Konda anauliza mnakwenda wapi, anawaelekeza behewa, kwa sababu vituo vingine vina jukwaa fupi na si milango yote inafunguliwa. Mkishakaa, anaweka kikaratasi juu ya kiti chenye kifupi cha mnakoteremka. Mkihama kiti, hameni na kikaratasi chenu. Mwenye kukiacha huamshwa kila baada ya kituo, au mbaya zaidi, haamshwi anapofika. Watatu kukaa karibu kunategemea kuwahi kuingia, na hapa goti la Bi mkubwa linawasaidia.

Pale New York mnapandia ukumbi wa Moynihan, uliofunguliwa mwaka 2021 ng'ambo ya barabara kutoka Penn Station ya zamani. Jukwaa hutangazwa kwenye mbao dakika chache tu kabla, kama 15 hivi, na ghafla watu wote wanakimbilia ngazi moja. Msingoje hapo. Fikeni dakika 45 kabla, mtafuteni mpagazi wa Amtrak mwenye kofia nyekundu. Kazi yake ni kubeba mizigo na kusindikiza wazee, huduma ni bure ingawa desturi ni kumpa bahashishi ya dola chache kwa kila begi. Anawashusha kwa lifti na kuwaingiza kabla ya umati. Wakati wa kulipia tiketi weka pia alama kuwa mama anahitaji msaada wa kiti cha magurudumu. Ni bure, na taarifa inawafikia watu wa Buffalo pia.

Kwenu kuna mtego wa jina: stesheni ya Newark inaitwa Penn Station, na ya New York inaitwa Penn Station. Mkipanda treni ya NJ Transit, shirika la usafiri la jimbo lenu, alfajiri, mtu anaweza kusikia "Penn Station" akachanganya ya Newark na ya New York. Kutoka Newark ni karibu dakika 20. Tiketi ya NJ Transit ni tofauti na ya Amtrak. Kwa treni ya saa moja na robo, tokeni nyumbani mapema kiasi cha kuwa New York saa kumi na mbili na nusu. Kama hilo ni kubwa kwa mama, chukueni ile ya saa nne, bila kujilaumu.

Mizigo mnayo haki ya kutosha: kila mwenye tiketi, Twaha akiwamo, anaruhusiwa mabegi mawili makubwa ya kilo 23 kila moja, yasiyozidi sentimita 71 kwa 56 kwa 36, na juu yake mkoba mdogo wa kilo 11. Watatu ni mabegi sita. Shida si idadi, ni mikono. Treni za kwenda Niagara hazipokei mizigo ya kukabidhi, kwa hiyo kila begi mnapanda nalo, mnalipandisha rafu ya juu au mnaliacha mwishoni mwa behewa. Begi la dagaa na unga lipimeni. Mabegi ya ndege mengi yanazidi zile sentimita, na la kilo 28 hutaliinua. Gawanyeni yawe manne mepesi badala ya matatu mazito. Dawa za mama, pasipoti, chaja na fulana nzito zikae kwenye mkoba wa kiti.

Mkiingia, kaeni kushoto. Reli inafuata ukingo wa mashariki wa Hudson hadi karibu na Albany, na kwa saa mbili na nusu maji yako dirishani kwenu: madaraja, chuo cha kijeshi cha West Point ng'ambo, na ngome iliyobomoka ya Bannerman kisiwani. Wa kulia wanaona miamba na migongo ya nyumba. Albany treni hupumzika zaidi, mama anaweza kusimama kunyoosha goti, ila asivuke mlango wa stesheni. Hadi hapo na hadi Schenectady mwendo unafika kilomita 177 kwa saa, unaizidi SGR yenu. Baada ya Schenectady njia ni ya kampuni ya mizigo, CSX, na hapo ndipo ucheleweshaji huzaliwa: treni ya mizigo ndefu kuliko njia ya kupishania haina pa kukaa pembeni, basi ya abiria ndiyo inayongoja. Nusu saa ni kawaida. Utica, Syracuse, Rochester, kisha Depew. Hapo wengi watasimama na kushusha mabegi. Ninyi kaeni. Kituo chenu kinafuata.

Chakula mnaruhusiwa kula chenu kitini. Kuna behewa la mkahawa, lakini ni sandwichi, vitafunio na soseji za kuulizia nyama yake. Bebeni chapati, mayai ya kuchemsha, ndizi, na chai kwenye chupa. Swala mama aswali kitini.

Exchange Street ni hatua chache kutoka Main Street, inakopita Metro Rail, reli pekee ya mji, yenye urefu wa kilomita 10 hivi. Sehemu yake ya juu ya ardhi, katikati ya mji, ni bure. Ukiingia sehemu ya chini ya ardhi kuelekea chuo kikuu, unalipa. Haifiki upande wa magharibi, kwa hiyo siku ya kwanza na mabegi chukueni gari la kukodi kutoka stesheni. Siku nyingine mabasi yanatosha.

Mkiwa mjini, usimzungushe Bi mkubwa kama mtalii wa dakika tano. Jumba la jiji, la mwaka 1931, lina roshani ghorofa ya 28 ambako siku za kazi mtu anapanda bure na kuona Ziwa Erie na Kanada kwa pamoja. Lifti haifiki juu kabisa, kuna ngazi mwishoni, basi apime goti lake. Chini ya hapo, Canalside, ndipo ulipoishia mfereji wa Erie uliokamilika mwaka 1825, uliopitisha nafaka ya nchi nzima na kuufanya mji huu utajirike. Maghala makubwa ya nafaka bado yamesimama kando ya mto. Upande anakoishi mdogo wako kuna West Side Bazaar, mtaa wa Niagara, soko la wajasiriamali wahamiaji wenye vyakula vya kwao. Pale hamtakosa mtu wa kusalimiana naye kwa Kiswahili. Mabawa ya kuku ya Buffalo, yaliyoanzia Anchor Bar mwaka 1964, yanakaangwa na kuchanganywa na siagi na pilipili. Ulizeni kama kuku ni halali kabla ya kukaa, si baada ya sahani kufika.

Niagara nendeni siku ya jua, kwa basi namba 40 kutoka katikati ya mji. Nakusihi msiende kwa treni mkidhani stesheni iko penye maporomoko. Ipo kama kilomita 3 kaskazini yake. Hifadhi ya jimbo, ya mwaka 1885, haitozi kiingilio kwa anayeingia kwa miguu, na imefunguliwa mwaka mzima. Nendeni Prospect Point kwanza, kisha kisiwa cha Goat hadi Terrapin Point, unasimama karibu kabisa na ukingo wa yale makubwa. Novemba ukungu wake huganda kwenye vyuma na sakafu, kwa hiyo mama avae buti zenye soli ya kung'ata, si viatu vya ngozi, na khanga juu ya koti haizuii maji. Watu watawaambia upande wa Kanada unapendeza zaidi, na ni kweli. Lakini kuvuka Daraja la Rainbow kwa miguu ni kutoka Marekani, na kurudi ni kuomba kuingia upya. Kwa mwenye pasipoti ya Tanzania kunahitaji viza ya Kanada pia. Asipokuwa nayo, asikanyage daraja hata kwa picha.

Kurudi, chagueni treni ya asubuhi inayoanzia Niagara Falls, si Maple Leaf ya mchana. Ile namba 64 inatoka Toronto, abiria wote wanakaguliwa mpakani, na kila dakika ya ukaguzi inakuja nayo Buffalo. Na kama mtaamua kusogeza safari hadi Januari, kati ya siku ya kurudi New York na siku ya ndege ya mama acheni angalau siku mbili. Theluji ikifunga njia ya Rochester, shirika la ndege halitasikiliza habari za treni.

Dagaa ziwe kwenye mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine, na chombo chenye kifuniko cha kubana. Behewa lina joto, madirisha hayafunguki, na safari ni saa nane.